Nishani ya Soketi Safi

Mzee Bakiri Nandonde hakuwa na muhuri. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na ngazi, hakuwa na mke tangu marehemu alipotangulia, hakuwa na jamaa hata mmoja wizarani, na upande wa kushoto juu hakuwa na meno. Hakuwa pia na cheti cha ngazi ya nne ya Masomo ya Jioni, na hicho kilimuuma kuliko meno. Kitu kingine alichokosa ni mazoea ya kuomba msamaha, lakini hilo hakulihesabu, kwa kuwa hakuwahi kuona mahali pa kulitumia.

Muhuri ndio uliompa aibu ya kila siku. Alikuwa mjumbe wa mtaa, na kila alipomwandikia mtu barua ya utambulisho ilimbidi afunike bilauri kwenye karatasi, achore duara kwa kalamu ya bluu, kisha aandike ndani yake jina la mtaa kwa kuzungusha karatasi polepole. Mihuri ilikuwa imeagizwa. Ilikuwa imeagizwa tangu yeye akiwa na meno yote.

Nchi yenyewe hatutaitaja, maana haipendi kutajwa. Inatosha kusema ilikuwa nchi yenye furaha kwa mujibu wa sheria.

Katika nchi hiyo Masomo ya Jioni yalikuwa yakifundishwa shuleni, nyuma ya soko, na mwalimu wa kweli mwenye chaki. Kisha madarasa yakahitajika kuhifadhia picha za Mheshimiwa Rais, ambazo zilikuwa zikiongezeka, na Wizara ya Elimu ikatangaza kwa fahari kwamba watu wazima sasa watasoma kwa intaneti, kila mtu kwake. Wizara ikapanga vipindi saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa watafiti wake waligundua kuwa saa hiyo mtandao hauna watu. Ni kweli haukuwa na watu. Watu wote saa hiyo walitakiwa kuwa kwenye redio wakimsikiliza Mheshimiwa Rais. Wizara ya Habari ingeweza kuieleza hayo Wizara ya Elimu, ila wizara hizo mbili hazikuwa zinasemeshana tangu ugomvi wa viti.

Basi mwananchi mwema alitakiwa saa ile ile asome na asikilize. Mzee Nandonde alikuwa mwananchi mwema, naye alipata njia. Alikuwa akijitokeza barazani hotuba ikianza, anahesabu vichwa kwa ajili ya taarifa ya mahudhurio, kisha anashika tumbo kama mtu anayekwenda uani. Uani kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na kompyuta yake.

Tatizo lilikuwa kuta.

Alikaa kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na mita moja ya umeme kwa wapangaji wote. Aliyeijenga alikuwa akiogopa wezi, akainua kuta nene kama za gereza. Wezi hawakuingia, na mtandao nao haukupita. Modemu ya Mzee Nandonde ilikamata mawimbi kwenye dirisha la chumba chake cha mbele tu. Lakini chumba cha mbele kilikuwa ofisi ya mjumbe, na waraka ulisema kwamba katika ofisi ya mtaa kisiwashwe kifaa chochote zaidi ya taa moja, ili watendaji wasije wakajizoesha starehe. Modemu aliificha nyuma ya picha ya Mheshimiwa Rais, mahali ambapo hakuna mkaguzi angethubutu kufunua. Kompyuta ilikuwa kubwa mno kwa picha ile. Ikabaki stoo, kipofu, ng'ambo ya kuta tano.

Hapo ndipo alipopata adapta mbili. Alizikuta kwenye duka la vifaa vya umeme, viboksi viwili vyeupe vyenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na muuzaji mwenyewe hakujua ni vya nini. Mzee Nandonde aliketi na kamusi yake akayasoma maelekezo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akayaelewa, peke yake, bila kumuuliza mtu. Boksi la kwanza unalichomeka kwenye soketi iliyo karibu na modemu na kuliunganisha nayo kwa waya mfupi. La pili unalichomeka kwenye soketi ya chumba kingine na kuliunganisha na kompyuta. Kazi imekwisha. Hakuna kutoboa ukuta, hakuna kuvuta waya mpya. Intaneti inadandia zile zile waya za umeme zilizokwisha kupita ukutani, kama abiria asiye na tiketi juu ya treni ya mizigo, na inashuka stoo.

Ilishuka stoo. Somo la kwanza lililopita ukutani lilikuwa Jiografia, na Mzee Nandonde alipoona ramani inajichora kwenye kioo, mto mmoja mmoja, alivua kofia. Alijiona amefanya jambo ambalo hata wenye digrii wa mtaa ule wasingelifanya. Na huenda ni kweli.

Chini kabisa ya maelekezo, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba kifaa hiki kinaweza kuvuruga redio za masafa mafupi zilizo jirani. Mzee Nandonde aliusoma mstari huo. Aliuelewa. Kisha akaikunja karatasi vizuri akaiweka ndani ya kamusi.

*

Redio ya taifa ilikuwa ya masafa mafupi, na redio ya mtaa ilikuwa ya Bi. Sihaba Mtondoo.

Bi. Sihaba alikuwa mpangaji wa chumba cha pili. Alipiga pasi nguo za watu: sare za shule, suti za maharusi, majoho ya kwaya. Pasi yake ya umeme ilikuwa nzito na yenye mvuke, na mtaani walisema shati likitoka kwa Bi. Sihaba linaweza kusimama lenyewe likaenda kazini. Kwa sababu alikuwa na redio kubwa, Serikali ilikuwa imempa heshima ya kuiweka barazani kila jioni ili mtaa usikilize. Heshima hiyo hakuwa ameiomba.

Jioni ile mada ilikuwa Umuhimu wa Kutambua Umuhimu. Watu saba walikuwa wamekaa, wawili wamelala. Mzee Nandonde aliwahesabu, akashika tumbo, akaenda zake. Mara redio ikapaliwa.

"Ndugu wanan-krrrr," alisema Mheshimiwa Rais. "Mimi kama kwaa-kwaa wenu, ninawaahidi prrrrt."

Wale wawili waliamka.

"Mheshimiwa amemeza nini leo?" akauliza muuza mihogo.

"Bajeti," mwingine akajibu.

"Nyamazeni nyie!" Bi. Sihaba alisema, huku ameuma kanga. "Msiniletee balaa kwenye redio yangu. Baba wa watu ana mafua."

"Mafua ya wapi hayo, Bi. Sihaba? Huyo ni chura aliyemeza kijiko."

Kesho yake wakaja watu ishirini. Keshokutwa baraza halikutosha, wakaleta mikeka. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru watu walikuwa wakiwahi hotuba, na waliochelewa walikuwa wakiomba wasimuliwe mwanzo. Kina mama waliacha maharage jikoni. Vijana wa mtaa wa pili walikuja kwa miguu. Mheshimiwa Rais alipotamka "maendeleo ni krrr-kwaa" mtaa mzima ulijibu kwa sauti moja, "Kwaaa!"

Mzee Nandonde aliandika mahudhurio kama yalivyokuwa, na wilaya ikapigwa na butwaa ya furaha. Ilikuja barua ya pongezi iliyomtaja kwa majina yote mawili: Mtaa wa Mfano katika Usikivu, chini ya uongozi mahiri wa Mjumbe B. Nandonde. Aliibandika ukutani, chini ya picha, karibu na modemu.

Alishajua. Tangu wiki ya kwanza alikuwa amejaribu. Alichomoa boksi, na sauti ya Mheshimiwa ikatoka safi kama maji, na watu wakapiga miayo wakaanza kukusanya mikeka. Alichomeka, redio ikakoroma, mikeka ikarudi. Hapakuwa na shaka ya kisayansi. Lakini mtihani wa ngazi ya nne ulikuwa umekaribia, na pongezi ilikuwa bado mpya ukutani. Alijiambia kwamba kukoroma kidogo hakujamuua mtu. Alijiambia hivyo kila jioni akiwa anachomeka, na kila jioni ilimbidi aseme kwa sauti ya juu kidogo ili ajisikie.

*

Bwana Mkubwa wa wilaya alitaka kuuona Mtaa wa Mfano kwa macho yake. Alikuja na kiti chake, akaketi mbele. Mada ya jioni hiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa Sauti ya Taifa.

"Sauti ya taifa," alisema Mheshimiwa Rais, "ni prrrrrt."

Mtaa, kwa mazoea, ukaitikia.

Mafundi wa wilaya wakasema uchafu ule ulipita kwenye waya za umeme, na kesho yake asubuhi ikapitishwa Sheria ya Usafi wa Waya. Waya za umeme, ilisema sheria, ziliumbwa kubeba mwanga, joto na hotuba. Anayezitia maneno mengine anachafua mali ya umma. Kabla ya adhuhuri Idara ya Usafi wa Waya ilikuwa imeundwa. Alasiri ilikuwa imepata magari, na kufikia magharibi mawili kati ya magari hayo yalikuwa yamegongana.

Wajumbe walipewa taarifa siku moja kabla ya ukaguzi, ili wajiandae kuwapokea wageni. Mzee Nandonde alijiandaa. Alichomoa maboksi yote mawili akayafunga kwenye shuka la marehemu mkewe. Lakini hofu haikumtoka. Alihisi soketi yenyewe inamtazama. Akazima swichi kuu, akaifungua soketi ya ofisini, akazitoa waya kwenye skrubu zake, akarudisha kifuniko. Akafanya hivyo hivyo stoo, kisha akawasha tena swichi kuu.

Mkaguzi Lukwaro, aliyeongoza msafara, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti hata pasipo kipaza sauti. Alihutubia barazani kwanza.

"Ndugu wananchi! Usafi wa waya ni usafi wa taifa! Taifa lenye waya chafu ni taifa lenye fikra chafu! Na kwa kuwa Serikali yenu ni sikivu na ya kisasa, imeleta chombo hiki."

Akainua testa. Ilikuwa testa ya kawaida, ile bisibisi ya fundi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, ambayo mtu hugusisha kwenye soketi kujua kama umeme upo.

"Ikiwaka, waya una maneno. Isipowaka, waya ni safi. Sayansi haina upendeleo."

Mzee Nandonde aliwatembeza chumba kwa chumba. Chumba cha pili iliwaka. Cha tatu iliwaka. Cha nne, cha tano, cha sita, iliwaka. Karani aliandika: chafu, chafu, chafu. Katika mtaa wa jirani, ambako transfoma ilikuwa imeungua tangu mwaka juzi, Idara haikukuta soketi hata moja yenye uchafu, na mtaa ule ukaandikiwa kuwa kielelezo cha uzalendo. Wakaingia ofisi ya mjumbe. Mkaguzi Lukwaro alipiga saluti kwa picha, akainama, akagusisha testa kwenye soketi.

Giza.

Akagusisha tena. Akaipuliza testa, akaifuta kwenye suruali, akagusisha mara ya tatu. Kisha akasimama na machozi yakimlenga.

"Safi," alisema. "Ndani ya nyumba ya uovu, soketi moja safi."

Walirudi kwa Bi. Sihaba, kwa kuwa redio ilikuwa yake.

"Mama, soketi yako inaongea."

"Inaongea na nani, baba? Mimi nimekaa nayo miaka yote hii haijanisalimu."

"Unakana?"

"Sikani, nauliza. Hicho kitaa chako si huwaka popote penye umeme?"

Mkaguzi alimgeukia karani. "Andika: mtuhumiwa anafahamu utendaji wa chombo cha Serikali. Achunguzwe siri hizo amezipata wapi."

Bi. Sihaba aliangaza macho, akamwona Mzee Nandonde kwenye mlango. Uso wake ukapata nafuu kidogo. "Mjumbe, wewe mtu wa vitabu. Hebu waambie."

Watu wote wakamgeukia. Mzee Nandonde alifungua kinywa. Alikuwa na maneno yote: alijua mkondo wa umeme ni nini, alijua testa inafanyaje kazi, alijua kilichomo ndani ya shuka. Akakohoa.

"Idara," alisema, "ina wataalamu wake."

Uso wa Bi. Sihaba haukukasirika. Ulijifunga tu, kama duka.

Hukumu ilisomwa hapo hapo barazani, kuokoa muda. Umeme wa chumba chake ukakatwa. Redio na pasi vikachukuliwa kuwa vielelezo. Kila asubuhi atakwenda wilayani kusafishwa masikio, yaani kukaa kwenye benchi na kusikiliza hotuba zote za miaka iliyopita, zile zenye sauti nzuri. Na Jumamosi saa nne lori litampeleka, yeye na vyombo vyake, kwenye wilaya ya mbali ambako nguzo ya umeme haijawahi kusimikwa, ili abaki huko maisha yake yote pasipo na cha kuchafua.

"Na wateja wangu?" aliuliza. "Nina suti ya bwana harusi humo ndani."

"Ataoa amekunjamana," alisema Mkaguzi Lukwaro. "Ndoa ni uvumilivu."

*

Mzee Nandonde alitunukiwa Nishani ya Soketi Safi. Sherehe ilipangwa Ijumaa asubuhi, uwanjani.

Alhamisi alasiri mlango wake uligongwa. Alikuwa Bi. Sihaba, amerudi kutoka kusafishwa masikio, na mkononi ameshika pasi ya mkaa ya kuazima, ile yenye jogoo mbele.

"Shikamoo, mjumbe. Lete shati."

"Shati gani, Bi. Sihaba?"

"La kesho. Utasimama mbele ya taifa na makunyanzi? Mtaa huu una jina."

"Acha, mama. Nitavaa hivi hivi. Wewe una mizigo ya kufunga."

"Nina mizigo ya kufunga, ndiyo, na nina mikono pia. Lete. Hili litakuwa shati langu la mwisho la mjini. Huko ninakopelekwa sijui kama wanavaa hata kola."

Alimpa. Angefanyaje? Alisimama uani akamwangalia akipuliza mkaa, majivu yakimrukia kwenye nyusi. Bi. Sihaba alililowesha shati kwa vidole, akapaka wanga, akapitisha pasi polepole kwa sababu mkaa hauna adabu ya umeme. Alipofika kwenye kola akasimama, akaiangalia, akairudia.

"Nilikukasirikia siku ile," alisema bila kuinua kichwa. "Kisha nikafikiri. Ungesema neno ungekuwa na mimi kwenye lori. Mtaa umebakiza mtu mmoja msafi, akae. Nani atawaandikia watu barua?"

Mzee Nandonde alikwenda stoo akafunga mlango. Mtihani wa ngazi ya nne ulikuwa umefanyika jioni ya jana yake, bila yeye, huko mtandaoni, maana alikuwa na soketi mbili zilizokufa. Alishangaa kuona kwamba hilo halikumuuma hata kidogo. Mahali pa kuuma palikuwa pameshajaa.

Ijumaa uwanja ulikuwa umefurika, kwani kuhudhuria kulikuwa kwa hiari na majina yalikuwa yakiandikwa getini. Nishani ilikuwa ya shaba, kubwa kama kifuniko cha birika la chai, na juu yake pamechongwa soketi yenye matundu yake matatu. Mkaguzi Lukwaro aliibandika kwenye shati ambalo lingeweza kusimama lenyewe. Mzee Nandonde akapewa kipaza sauti ashukuru.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi si safi. Mimi ndiye niliyechafua."

Mkaguzi Lukwaro akanyakua kipaza sauti.

"Mmesikia? Huo ndio unyenyekevu! Mtu ana soketi safi kuliko wote, na bado anasema si safi! Sasa wewe mwenye soketi chafu utasemaje?"

Wakapiga makofi mpaka vumbi likainuka. Mzee Nandonde akajaribu tena. "Nasema kweli, nilikuwa na viboksi..." Lakini bendi ilikuwa imeshapewa ishara.

Alimfuata Mkaguzi nyuma ya jukwaa, akamshika mkono.

"Bwana Mkaguzi, mimi nakiri. Yule mama hana kosa. Ni mimi niliyepitisha intaneti kwenye waya."

Mkaguzi Lukwaro aliangalia kushoto na kulia. Sauti yake ilipopungua ikawa sauti ya mtu wa kawaida, aliyechoka.

"Mzee wangu, kukiri kwa mdomo kumefutwa. Sauti husafiri kwa hewa, na hewa iko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Ukitaka kukiri, andika. Barua, bahasha, lakiri, muhuri. Ipite posta, itufikie kabla ya lori."

"Muhuri?"

"Barua isiyo na muhuri ni salamu tu." Akamtazama kwa huruma. "Lakini kwa nini ujisumbue? Mkosaji tunaye. Wakosaji wawili kwa kosa moja ni ubadhirifu."

*

Aliandika mara ya kwanza: "Kutokana na mazingira ya kitaaluma yaliyokuwa nje ya uwezo wangu." Akaichana. Aliandika tena: "Inasemekana kwamba huenda." Akaichana hiyo pia. Maneno makubwa yote aliyojifunza kwa jasho yalikuja yakajipanga mlangoni, kila moja likiwa na udhuru wake mkononi, na ilimbidi ayafukuze moja moja. Iliyobaki ilikuwa hii:

"Kwa Idara ya Usafi wa Waya. Mimi Bakiri Nandonde nilipitisha intaneti kwenye waya za nyumba yetu ili nisome. Ndicho kilichokorofisha redio. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Soketi yangu haikuwaka kwa sababu nilizitoa waya, na sasa nimezirudisha, njooni mpime. Bi. Sihaba Mtondoo aliulizia ukweli mbele yangu nami nikaunyamazia. Arudishiwe pasi yake, redio yake na umeme wake. Lori linichukue mimi. Nimeambatanisha maboksi."

Alitia maboksi ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Lakiri alikuwa nayo, kipande chekundu cha nta ya kuzibia bahasha alichokinunua zamani kwa ajili ya siku ambayo muhuri ungefika. Moto hakuwa nao. Moto wa karibu ulikuwa kwa Bi. Sihaba.

Alimkuta akifunga godoro kwa kamba. Pasi ya mkaa ilikuwa bado na moto. Alikuwa amemaliza ile suti ya bwana harusi.

"Kabla hujaniyeyushia hii lakiri," alisema Mzee Nandonde, "nisikilize nikusomee."

Alisoma akiwa amesimama, kama mwanafunzi. Alipomaliza, Bi. Sihaba aliendelea kukaza fundo mpaka kamba ikalia.

"Kwa hiyo jana unaniangalia nikikunyooshea shati, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kola niliirudia."

"Niliona."

"Na mie nikakutetea! Nimekaa hapo uani, majivu puani, nakutetea kwako mwenyewe! Mzee mzima!" Alirusha ncha ya kamba chini. "Yaani afadhali yule mnene na bisibisi yake. Yeye hajui. Wewe ulijua umeme, ulijua redio, ukajua na mimi!"

"Bi. Sihaba, naomba..."

"Usiniombe kitu, nina mizigo. Leta hiyo lakiri yako kabla mkaa haujafa."

Aliigusisha kwenye ubavu wa pasi. Lakiri ikalia, ikadondoka tone baada ya tone kwenye mdomo wa bahasha, nyekundu, nzito, ikatulia kama kidimbwi.

"Muhuri uko wapi? Itaganda."

Mzee Nandonde aliangalia huku na huku. Bilauri na kalamu ya bluu havikuwa na kazi hapa. Kisha mkono wake ukaenda kifuani. Aliibandua nishani, akaigeuza kichwa chini, akaikandamiza kwenye lakiri kwa kiganja na kuhesabu pumzi. Alipoiinua, soketi ilikuwa imejichora pale, duara na matundu matatu, mawili kwa pamoja na moja peke yake.

Bi. Sihaba aliinamia kuitazama. Midomo yake ilicheza, ingawa hakutaka.

"Kama uso wa mtu aliyefumaniwa," alisema.

Walikwenda posta pamoja bila kuongea. Bi. Sihaba alibaki nje, kwa kuwa wenye hatia hawakuruhusiwa kutuma barua. Ndani foleni ilizunguka ukumbi mara mbili, na juu ya kabati redio ilikuwa ikitoa hotuba ya jioni. Sauti ya Mheshimiwa Rais ilikuwa safi kabisa, kila neno na mahali pake. Nusu ya foleni ilikuwa imelala kwa kusimama. Mfuko wa wilayani ulikuwa umeshaanza kufungwa kamba.

Mzee Nandonde alitazama foleni, akatazama mfuko. Akaibandika nishani tena kwenye shati.

Karani wa posta aliiona kutoka mbali. Aliruka akasimama wima. "Wenye nishani hawapangi foleni! Pita, mzee wetu. Watu wazalendo, mpisheni!"

Wakampisha. Mwanamke mmoja alimshika bega kwa heshima alipopita, na hilo alilihisi mpaka kwenye mifupa. Karani aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaona muhuri, akainamisha kichwa.

"Ya haraka?"

"Ya haraka. Ifike leo."

"Ya kwako lazima ifike, mzee. Wangekuwa wengi kama wewe nchi hii ingekuwa mbali."

Akaibamiza stempu, akalegeza kamba ya mfuko, akaitumbukiza. Uso ule mwekundu ulizama katikati ya barua nyingine ukiwa umekodoa macho, kisha kamba ikakazwa, na mfuko ukatupwa juu ya gari ambalo injini yake ilikuwa inanguruma tayari.

Bi. Sihaba alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje. Alisubiri mpaka gari lilipopinda kona.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Alisimama, akajikung'uta kanga, akamkagua kuanzia kola mpaka kifungo cha mwisho.

"Limekunjika mgongoni," alisema. "Huwezi kupanda lori hivyo. Njoo ulivue, nikalinyooshe. Ila safari hii mkaa unapuliza mwenyewe."